Upasuaji wa Ubongo Huanza Barabarani

Munuki ni mojawapo ya maeneo matatu makongwe ya mji wa Juba, pamoja na Kator na Juba yenyewe. Wanaishi humo raia wa kila kazi, na wanaishi pia askari wa jeshi na wa polisi pamoja na jamaa zao. Barabara zake hupitwa mchana na usiku na pikipiki za bodaboda zilizobeba abiria wawili, pengine watatu, wasio na kofia ngumu za kukinga kichwa. Katika mtaa kama huo ajali si jambo la kushangaza. Linalostahili kuzingatiwa ni yale yanayotendeka katika saa za kwanza baada ya ajali, kwa sababu saa hizo ndizo mara nyingi zinazoamua kama aliyeumia ataishi, atakufa, au atabaki kiwete maisha yake yote.

Mfano ni kijana aliyeangushwa na pikipiki usiku karibu na kituo cha ukaguzi. Kichwa chake kimegonga chini. Anapoteza fahamu kwa dakika chache, kisha anazinduka, anajipangusa vumbi, anajibu maswali, na kusema kuwa hana neno. Watu wanamshukuru Mungu na kutawanyika. Kijana anakwenda nyumbani na kulala. Kufika alfajiri hawezi tena kuamshwa. Hapo husemwa kwamba amerogwa, au kwamba siku yake ilikuwa imefika. Lakini utabibu una maelezo mengine, na lau wale waliokuwapo barabarani wangaliyajua, huenda kijana huyo angaliokolewa.

Fuvu la mtu mzima ni kama sanduku la mfupa lisilopanuka. Ndani yake vimo vitu vitatu: ubongo, damu, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo na kuteremka mpaka ndani ya uti wa mgongo. Kimojawapo kikizidi, vingine havina pa kwenda. Pigo la ubavuni mwa kichwa laweza kuvunja mfupa mwembamba ulio mbele kidogo na juu ya sikio, na kuchana mshipa wa damu unaopita nyuma yake. Damu huanza kukusanyika baina ya mfupa na utando unaoufunika ubongo. Mwanzoni ni kidogo, na mgonjwa huzungumza kama kawaida. Kadiri saa zinavyopita bonge la damu hukua, huukandamiza ubongo, na hatimaye huzisonga sehemu za chini zinazoongoza pumzi. Hiyo ndiyo sababu ya mtu kuonekana amepona, kisha akafa usingizini.

Mpasuaji akimpata mgonjwa huyo kwa wakati, hulifungua fuvu, huliondoa bonge la damu, na kuufunga mshipa unaovuja. Na kwa kuwa mara nyingi ubongo wenyewe haukuchanika, mgonjwa huweza kurudi kazini akiwa mzima. Kwa hiyo jeraha hili huua upesi, lakini ni miongoni mwa majeraha ya kichwa yanayotibika vizuri zaidi. Baina ya kufa na kupona pana tofauti ya saa chache tu.

Dalili za hatari zinajulikana, wala hazihitaji shahada ya udaktari kuzitambua. Ni maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kifafa cha ghafla, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, damu au maji maangavu kutoka puani au masikioni, na mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili. Mwaka 1974 waganga wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitangaza kipimo cha fahamu ambacho sasa hutumiwa duniani kote. Hupimwa mambo matatu: jinsi mgonjwa anavyofungua macho, jinsi anavyosema, na jinsi anavyotikisa viungo. Mwenye fahamu kamili hupata alama 15. Aliyezama kabisa hupata 3. Na mwenye alama 8 au pungufu yumo katika hatari kubwa.

Askari si lazima akariri jedwali lote la kipimo hicho. Linalotakiwa ni kuuliza maswali yale yale matatu kila baada ya muda mfupi na kuandika majibu pamoja na saa: je, anafungua macho akiitwa? Je, anajua jina lake na mahali alipo? Je, anatii amri ya kuinua mkono? Taarifa isemayo kwamba saa 2 usiku alijibu vizuri, na saa 4 usiku hakujua jina lake, humfaa mpasuaji kuliko hadithi ndefu ya jinsi pikipiki ilivyoanguka. Na ulevi usiwe kisingizio. Mtu anayenuka pombe naye ana fuvu na mishipa ya damu, na wengi wamekufa ndani ya mahabusu kwa kudhaniwa kuwa wamelewa tu, kumbe vichwa vyao vilikuwa vikijaa damu.

Zamani mpasuaji hakuweza kuona ndani ya fuvu, akawa hana budi kukisia upande wa kutoboa kwa kutazama mboni za macho na udhaifu wa viungo. Hali hiyo ilianza kubadilika tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, ambako mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo, inayojulikana leo kama siti-skani, huupitisha mwali wa eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huikokotoa picha ya ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye fikra zake juu ya hesabu za picha hizo zilianzia Cape Town. Hata hivyo, mashine bora kuliko zote haiwezi kumwonyesha mganga mgonjwa aliyeachwa nyumbani amelala.

Majeshi yana historia yao katika jambo hili. Mwezi wa Mei 1935, T. E. Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake akikwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Alikufa siku sita baadaye kwa jeraha la kichwa. Miongoni mwa waganga waliomhudumia alikuwamo mpasuaji kijana wa ubongo, Hugh Cairns. Cairns hakutosheka na kusikitika. Alichunguza vifo vya madereva wa pikipiki, hasa wapeleka habari wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake: kofia ngumu ilipunguza ukali wa majeraha ya kichwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliamuru kila mpanda pikipiki wake awapo kazini avae kofia hiyo. Kwa hiyo mpasuaji yule aliokoa wengi ambao hawakufikishwa kabisa mbele ya kisu chake. Askari wa Juba anayepanda bodaboda kwenda lindoni bila kofia huipuuza amri ambayo majeshi mengine yaliinunua kwa maisha ya watu.

Ikiwa kichwa hudai wepesi wa kutambua, uti wa mgongo hudai upole wa kushika. Pingili za mgongo ni mifupa iliyopangwa moja juu ya nyingine, na ndani yake hupita ugwe laini wa mishipa ya fahamu, ambao hupeleka amri za ubongo mikononi na miguuni na kurudisha habari za maumivu na mguso. Mfupa uliovunjika unaweza kuunga. Ugwe uliokatika hauungi. Mara nyingi pingili huvunjika bila ugwe kukatika, na mtu hubaki na uwezo wa kutembea mpaka pale wasaidizi wenye nia njema wanapomkalisha, wanapomvuta kwa mikono, au wanapompakia katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Hapo mfupa uliovunjika hugeuka kuwa kisu.

Elimu hii ni ya kale katika bonde la Nile, mto ule ule unaopita Juba. Mwaka 1862 Mmarekani Edwin Smith alinunua huko Luxor, Misri, karatasi ya mafunjo iliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita. Tafsiri yake kamili ilitolewa na James Henry Breasted mwaka 1930. Imo habari ya majeruhi 48, ikianzia kichwani na kuteremka mpaka mgongoni, na kwa kila mmoja mganga wa kale aliandika dalili, kisha hukumu: huyu atatibiwa, huyu atapiganiwa, huyu hatibiki. Mtu aliyeteguka pingili za shingo, asiyehisi mikono wala miguu na asiyeweza kuzuia mkojo, aliwekwa katika kundi la mwisho.

Hukumu hiyo ilidumu maelfu ya miaka. Hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wa askari waliokatika uti hawakuishi muda mrefu. Waliuawa na vidonda vya kulalia na maradhi ya njia ya mkojo kuliko jeraha lenyewe. Mwezi wa Februari 1944 Ludwig Guttmann, mganga Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, ngozi zao zikaguliwe, na wapewe kazi na michezo. Wakaishi. Mashindano aliyowaandalia mwaka 1948 ndiyo chimbuko la Michezo ya Paralimpiki. Somo lake halihitaji mitambo. Askari aliyepooza miguu kwa risasi, na wako wengi baada ya mapigano ya 2013 na 2016, anaweza kuishi miaka mingi ikiwa jamaa zake wanajua kumgeuza, kumsafisha, na kuzuia vidonda.

Kanuni za mahali pa tukio ni chache. Majeruhi asihamishwe isipokuwa moto, risasi au magari yanatishia uhai. Kichwa, shingo na kiwiliwili vishikwe katika mstari mmoja. Watu wanne au watano wamgeuze pamoja kwa amri ya mmoja, kama gogo linavyobingirishwa, na kumlaza juu ya machela, ubao au mlango. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja ili matapishi yasiingie mapafuni, maana pumzi hutangulia mambo yote. Kitu kilichochoma fuvu au mgongo kisichomolewe; huenda ndicho kinachoziba mshipa. Na kabla ya safari aulizwe kama anaweza kutikisa vidole vya miguu. Jibu lake liandikwe.

Yako pia maradhi yasiyokuja kwa kishindo, nayo hupotosha watu zaidi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi. Wanaomzunguka ndio wanaokataa kuyaona. Askari analalamika mgongo kwa wiki nyingi. Mkuu wake anamwita mtegeaji, kwa kuwa kila askari huumwa mgongo baada ya kubeba mizigo. Lakini maumivu ya uchovu hupungua kwa kupumzika. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku, yanayofuatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779. Vijidudu hula sehemu ya mbele ya pingili, pingili hubonyea, mgongo hutoa kibyongo, na usaha au mfupa huusonga ugwe mpaka miguu inaanza kulegea. Mgonjwa anaweza asiwe na kikohozi hata kidogo, na ndiyo maana wengi hawafikiriwi.

Tiba ya ugonjwa huo ni dawa za kifua kikuu, zinywewe kwa miezi mingi bila kukatiza. Upasuaji hufuata pale ugwe unaposongwa, mgongo unapozidi kupinda, au jipu linapokuwa kubwa. Mpasuaji huondoa usaha na mfupa uliooza, kisha huuegemeza mgongo kwa mfupa mzima au vyuma. Wengi waliokuwa wamelegea miguu hutembea tena, ikiwa hawakucheleweshwa. Kwa hiyo neno utegeaji lisitamkwe kabla ya mgonjwa kupimwa.

Katika nyumba za askari wamo pia watoto, nao wana hatari yao. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua upesi, utosi umevimba, mishipa ya kichwani imetokeza, na macho yanatazama chini kama jua linalozama, ana maji yaliyozuiliwa ndani ya ubongo. Si laana, wala mama yake hana kosa. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwanzoni mwa karne hii, Mmarekani Benjamin Warf aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowapokea walipata ugonjwa huo baada ya maambukizi ya ubongo, mengi yakiwa ya siku za kwanza za uhai. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba kijidudu kimoja, kinachoitwa Paenibacillus, kilikutwa kwa wengi wa watoto wa namna hiyo.

Tiba ya kawaida ilikuwa kuweka mrija mwembamba chini ya ngozi, unaoyapeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huo huokoa maisha, lakini waweza kuziba au kuingia vijidudu, na mtoto aliye mbali na hospitali huweza kufa kabla ya kubadilishiwa. Warf na wenzake, wakiwamo wapasuaji wa Uganda, walitumia chombo chembamba chenye taa na kamera: hutoboa njia mpya ndani ya ubongo ili maji yapite, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 100 wa Uganda, na katika mwaka wa kwanza ukuaji wa akili haukuonyesha tofauti kubwa baina ya waliowekewa mrija na waliotobolewa njia. Mzazi wa Munuki ajue kwamba elimu hii haiko ng'ambo ya bahari. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule ilikamilika mwaka 2012, na ng'ambo ya mpaka wa Nimule ndiyo Uganda. Utepe wa kupimia kichwa cha mtoto kila mwezi katika zahanati ndio mwanzo wa safari hiyo.

Hata hivyo si kila ugonjwa wa ubongo ni wa kisu, na hapo ndipo thamani ya uchunguzi inapodhihirika. Huko Mundri na Maridi, katika Ikweta ya Magharibi, kama ilivyo Kaskazini ya Uganda, watoto wengi wamepatwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao huwafanya wainamishe kichwa tena na tena, mara nyingi waonapo chakula. Daktari Louise Jilek-Aall aliwaona wagonjwa wa namna hiyo huko Mahenge, Tanzania, tangu miaka ya 1960. Ni aina ya kifafa. Utafiti umeuhusisha na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Maridi mwaka 2018 ulikuta kifafa kwa watu wapatao 4 katika kila 100, na wengi zaidi karibu na bwawa. Mpasuaji hana la kukata hapo. Zinatakiwa dawa za kifafa kila siku, vidonge vya ivermectin kwa jamii nzima, na kufyekwa kwa majani ya bwawani wanamozaliana inzi hao. Kumpeleka mtoto huyo kwenye kisu ni kosa, kama ilivyo kosa kumpa vidonge vya maumivu yule mwenye bonge la damu kichwani.

Wapasuaji wa ubongo na uti ni wachache katika nchi zote za Afrika Mashariki, na mafunzo yao huchukua miaka mingi. Wagonjwa wengi wa Juba wamelazimika kusafiri hadi Kampala au Nairobi, na njia ya Khartoum ilivurugwa na vita vilivyozuka huko mwezi wa Aprili 2023. Uchache huo ni sababu ya serikali kusomesha wengine na kuzipa hospitali vyombo. Si sababu ya aliye barabarani kukunja mikono. Mpasuaji mmoja mwenye ujuzi hawezi kufidia saa sita zilizopotea, wala hawezi kuunga ugwe uliokatwa na msaidizi aliyemvuta majeruhi kwa miguu.

Askari wa jeshi na wa polisi ndio mara nyingi wanaofika kwanza penye ajali, penye risasi na penye vurugu. Kila kikosi na kila kituo hakikosi ubao, blanketi, kalamu na saa, navyo vyatosha kuanzia kazi. Mwenye pikipiki avae kofia. Aliyepigwa kichwa asiachwe alale peke yake usiku wa kwanza. Aliyeumia mgongo abebwe kama gogo. Anayelalamika mgongo kwa wiki nyingi apelekwe kupimwa. Mambo hayo yakifanywa Munuki, yule kijana wa bodaboda atafikishwa hospitalini usiku ule ule wa ajali, akiwa bado anaweza kutaja jina lake.